Sufuria ya tabaka tatu inayochanika kitako: kisa cha bati lililochoka kabla ya kufika kwenye presi

Mali yenyewe ni sufuria ya kipenyo cha sentimita 20 na kina cha sentimita 12, inayovutwa kwa pigo moja la presi kutoka kwenye duara la bati lenye tabaka tatu. Ndani ni stenlesi ya 304, katikati alumini ya 1050, nje stenlesi ya 430; namba hizi ni majina ya aina za metali. Unene wake ni milimita 0.5, 1.5 na 0.5, jumla 2.5. Kila tabaka lina kazi yake. Ya ndani haidhuriki na ndimu wala nyanya. Alumini inasambaza moto usikae mahali pamoja. Ya nje inashikwa na sumaku, na bila hiyo jiko la induksheni halioni sufuria.

Namba za unene na za presi zilizomo humu ni za mfano mmoja uliopangwa makusudi ili hesabu ifuatike tangu mwanzo hadi mwisho. Tatizo lenyewe si la kupangwa. Kila anayevuta bati la tabaka analijua: presi inashuka, sufuria inatoka, na upande wa nje, pale ukuta unapopinda kuingia kitako, kuna ufa mwembamba uliopinda kama mwezi mchanga. Ukitazama ndani, 304 ni nzima, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Sufuria nyingine za mzigo uleule hazichaniki, lakini zikifika kwenye mashine ya kukata ukingo, stenlesi ya nje inanyanyuka kama ganda la kitunguu.

Lawama huanzia kwa fundi wa presi. Anabadilisha oili, anapunguza nguvu ya ringi inayobana bati, anapunguza mwendo wa panchi, yaani nguzo inayosukuma bati. Kila badiliko linaokoa sufuria kadhaa, na kesho yake ufa umerudi. Panchi na dai, yaani tundu ambamo bati linasukumwa, zina sehemu yao ya kosa, tutazifikia. Ila kosa kubwa katika kisa cha namna hii limetendeka mapema zaidi, siku tabaka tatu zilipopitishwa kwenye rola kubandikwa kuwa bati moja. Liliingia presi likiwa limekwisha tumia sehemu kubwa ya urefukaji wake.

Ufa unasema nini

Kwanza angalia tabaka lipi limeanza. Ufa ukiwa nje tu, 430 imekufa peke yake na wenzake bado wazima. Ukipita tabaka zote tatu kwa mstari mmoja safi, bati zima limezidiwa na mvuto: duara ni kubwa mno, au ringi imebana kupita kiasi. Ukiwa ukutani, juu, na umesimama wima, hilo ni jambo jingine kabisa na limewekwa mwishoni.

Hapa ni 430 peke yake, na kuna sababu mbili. Ya kwanza ni mahali ilipo. Bati likizunguka pua ya panchi, upande wa nje wa mpindo ndio unaonyooshwa zaidi. Panchi ya mfano wetu ina pua ya nusukipenyo milimita 6. Nusu ya unene wa bati ni 1.25, kwa hiyo ngozi ya nje inanyooka kwa 1.25 kugawanya kwa 7.25, yaani asilimia 17, kwa kupinda tu, kabla hujahesabu mvuto wa ukuta unaoongezeka juu yake. Ya pili ni tabia ya chuma chenyewe. Viwango vya ASTM vinaitaka 304 irefuke angalau asilimia 40 kabla ya kukatika, ilhali 430 inatakiwa kufikisha 22 tu. Yaani tabaka lililo dhaifu kwa kurefuka ndilo lililokaa upande unaonyooshwa zaidi. Kuligeuza bati haiwezekani, maana chakula kinataka 304 ndani na jiko linataka 430 nje.

Nani anabeba mzigo

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa alumini ni laini na ni asilimia 60 ya unene, basi ndiyo inayolifanya bati livutike. Piga hesabu uone. Chukua nguvu ya kukatika ya kila tabaka, uizidishe kwa sehemu yake ya unene: 304 kwa megapaskali 620 mara 0.2 ni 124. Alumini iliyolainishwa, 80 mara 0.6 ni 48. 430, 480 mara 0.2 ni 96. Jumla ni 268. Asilimia 82 ya mzigo imebebwa na chuma, ambacho ni asilimia 40 tu ya unene. Alumini ni kiungo na ni njia ya moto. Ukitaka bati hili livutike vizuri, shughulika na chuma.

Namba hiyo hiyo inakupa mpaka wa presi. Ukuta wa sufuria una mzingo wa milimita 628, mara unene 2.5, mara 268: karibu kilonyutoni 420, kama tani 43. Panchi ikihitaji zaidi ya hapo kuliingiza bati kwenye dai, kitako kitang'oka, hata uweke oili gani.

Sasa kuhusu kurefuka kwenyewe. Bati likivutwa linapungua unene, lakini papo hapo linakakamaa, na ukakamavu huo ndio unaoziba pale palipoanza kuwa pembamba. Siku ukakamaaji unaposhindwa kwenda sambamba na wembamba, bati linaweka kiuno mahali pamoja, na urefukaji wote unakimbilia hapo mpaka likatike. Kwa vyuma vingi hatua hiyo hufika pale urefukaji halisi unapolingana na namba iitwayo n, kipeo cha ukakamaaji. Kwa 304 n ni karibu 0.45, kwa 430 karibu 0.2, kwa alumini laini karibu 0.25.

Uzuri wa bati la tabaka uko hapa. Tabaka zikiwa zimeshikana barabara, 430 haiwezi kuweka kiuno peke yake, kwa sababu kiuno kinahitaji tabaka zote zipungue pamoja, na 304 bado inakakamaa, inakataa. Ukichukua n za tabaka zote kwa uzito wa mzigo zinaoubeba, 0.46 ya 304, 0.36 ya 430 na 0.18 ya alumini, unapata karibu 0.32. Yaani 430 iliyoshikwa vizuri inaweza kwenda mbali kuliko ambavyo ingekwenda ikiwa peke yake. Semiatin na Piehler walilichambua jambo hili mwaka 1979 kwa bati hasa la alumini lililovikwa stenlesi. Chuo Kikuu cha Tokyo nacho kimelifikisha mbali kwa kupanga tabaka nyembamba za chuma kigumu cha martensiti katikati ya stenlesi laini: chuma ambacho kikiwa peke yake hukatika upesi, kikiwa chembamba vya kutosha na kimeshikwa pande zote mbili, hurefuka pamoja na jirani zake.

Masharti ni mawili. Mshiko usiachie, na chuma kiwe hakijatumika.

Hesabu ya rola

Turudi siku ya kubandika. Tuseme chuma kiliingia rola kikiwa na milimita 0.60 kila upande na alumini 2.0. Vilipita mara mbili: mara ya kwanza vikiwa vya moto ili vishikane, mara ya pili baridi ili kufikia unene wa 2.5 na uso laini. Chuma kilitoka na 0.50. Kwenye karatasi inaonekana ni jambo dogo, asilimia 17.

Logi asilia ya 0.60 kwa 0.50 ni 0.18. Kwa kuwa bati kwenye rola haliongezeki upana, zidisha kwa 1.155, unapata 0.21. Hicho ndicho chuma kilichokwisha tumia. Kwa 304, 0.45 toa 0.21 inabaki 0.24. Kwa 430, 0.2 toa 0.21, hakuna kitu. Tabaka la nje la sufuria limefika presi likiwa halina hata chembe ya urefukaji sawia, ule usioweka kiuno, iliyobaki. Kuanzia hapo linaendelea kurefuka kwa kubebwa na 304, na mshiko ukilegea sehemu yoyote, ufa unafunguka.

Wakati mwingine fundi anajitetea kwamba bati lililainishwa kwa moto baada ya kubandikwa. Ni kweli lililainishwa, lakini ni alumini iliyolainika. Alumini ya 1050 iliyokandwa, yaani iliyokakamazwa na rola, huunda chembe upya kati ya nyuzi 300 na 350 za Selsiasi. 304 inataka zaidi ya nyuzi 1,000, na 430 karibu 800. Alumini inayeyuka kwenye 660. Hakuna tanuri duniani litakalolainisha chuma hicho bila kuigeuza alumini kuwa uji. Kikishabandikwa, chuma hakilainishwi tena. Ukakamavu wowote unaokiingiza kwenye rola, utakuwa nao mpaka kwenye presi.

Kuthibitisha kabla ya kubadilisha chochote

Vipimo vitatu vinatosha, na viwili havihitaji maabara kubwa.

Cha kwanza ni kuchuna. Kata ukanda wa upana wa sentimita 2, anzisha mwachano upande mmoja kwa patasi, kisha vuta chuma kutoka kwenye alumini huku ukiangalia uso wa chuma. Ukiona umefunikwa na manyoya ya kijivu-nyeupe, laini, yanayokwaruzika kwa ukucha, hiyo ni alumini iliyoraruka yenyewe. Mshiko ulikuwa na nguvu kuliko alumini, na huwezi kudai zaidi ya hapo. Ukiona chuma kinang'aa na mistari ya brashi bado inasomeka, havikuwahi kushikana. Ukiona madoa ya kijivu-giza, makavu, yanayomeng'enyuka kama kauri, basi kuna ganda gumu la muungano wa chuma na alumini limeota katikati, na hiyo ni kesi ya tanuri. Aina hizi tatu za uso zina tiba tatu tofauti. Fedha nyingi zinazopotea katika kazi hii hupotea kwa sababu mtu alitibu ya pili wakati alikuwa nayo ya tatu.

Cha pili ni kukitenga chuma. Alumini inaliwa na soda kostiki, stenlesi haidhuriki. Weka ukanda wa sentimita 2 kwa 20 kwenye lita moja ya maji yenye gramu 100 za soda hiyo, ndani ya ndoo ya plastiki ngumu iliyo pana. Soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji baridi, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya soda. Ukanda huo una gramu 16 hivi za alumini, nazo zitatoa zaidi ya lita 20 za haidrojeni. Kwa hiyo kazi ifanyike nje, bila moto, bila sigara, ukiwa na glavu na miwani, na ndoo isifunikwe. Maji yatapata joto yenyewe na kutokota. Yakizidi ukali, ongeza maji baridi. Mapovu yakikoma, unabaki na vipande viwili vya chuma. Vioshe, vipime unene kwa maikromita, kisha vipelekwe kwenye mashine ya kuvuta, kila kimoja peke yake. Linganisha na cheti kilichokuja na chuma kipya. 430 iliyoingia ikiwa na urefukaji wa asilimia 25 na sasa inakatika kwenye 6 au 7, hukumu imetoka.

Kama kuna mashine ya ugumu, cha tatu ni kukata bati, kulisugua mpaka ling'ae kama kioo, na kulipima kila tabaka kwa Vickers. 304 laini husoma kati ya 150 na 180. Ikisoma 250 na zaidi, imekandwa. Kwenye kipande hicho hicho darubini itakuonyesha pia kama kuna ganda kati ya chuma na alumini, na unene wake kwa mikroni.

Kurekebisha kwenye rola

Ugumu wa tiba ni kwamba kubandika kunadai kukandwa. Mshiko wa rola hauna gundi. Juu ya kila metali kuna ngozi ya oksidi, na brashi ya waya huacha tabaka jembamba lililokakamaa; rola ikibana, ngozi hiyo inapasuka, na metali mbichi ya chini inajipenyeza kwenye nyufa na kukutana na mwenzake. Alumini kwa alumini zikiwa baridi hazishiki mpaka unene upungue kwa karibu asilimia 35 au zaidi. Kwa bati letu hicho ni kifo. Joto linashusha kiwango hicho, na ndiyo sababu ya kubandika kwa moto wa nyuzi 350 hadi 400.

Kuna siri nyingine ndani ya mdomo wa rola. Kabla tabaka hazijashikana zinaweza kuteleza, na alumini iliyopata moto, ikiwa laini mara kadhaa kuliko chuma, ndiyo inayopungua karibu peke yake. Mara zikishashikana zinarefuka pamoja, na hapo chuma hakina pa kukwepea. Kwa hiyo pigo la kwanza, yaani kupita rola mara ya kwanza, halikihukumu sana chuma. La pili ndilo linalokimaliza, maana kila asilimia unayopunguza kwenye bati lililokwisha kushikana, chuma kinalipa kamili. Pigo la pili la baridi liondolewe kabisa. Unene upatikane kwa pigo moja, na uso mzuri utoke kwenye stenlesi iliyonunuliwa ikiwa tayari imeng'arishwa, si kwenye rola.

Mpango mpya: chuma 0.52 kila upande, alumini 2.0, jumla 3.04, pigo moja mpaka 2.5. Alumini inashuka hadi 1.5, yaani robo ya unene wake, na chuma kutoka 0.52 hadi 0.50. Hesabu ile ile sasa inatoa 0.045 badala ya 0.21. 430 inabaki na 0.155, na 304 na 0.405.

Ili alumini iweze kupungua peke yake lazima iwe na nafasi ya kuingia polepole kuliko chuma. Wanaolisha kutoka kwenye koili tatu wanaipata bila kufikiri. Wanaobandika vipande vipande hupiga ribiti pembe zote nne ili pakiti isiteleze, na hapo hapo wamelazimisha chuma kirefuke sawa na alumini. Ribiti ziwe upande unaotangulia kuingia rola tu, mkia uachwe huru. Alumini itajikusanya nyuma; kata, tupa.

Usafi ndio unaolipa punguzo hilo la nguvu. Osha kwa sabuni ya alkali ya moto, suuza, kausha kabisa. Tone la maji lililobaki ndani litakuwa lengelenge kwenye tanuri. Piga brashi ya waya ya stenlesi, ya waya wa milimita 0.3 hivi, pande zote zitakazokutana, mpaka mng'ao uishe na uso uwe na ukungu sawasawa. Brashi yenyewe ioshwe, kwa sababu brashi yenye mafuta inapaka mafuta kwenye kila bati linalofuata. Baada ya hapo hakuna kidole kinachogusa, na pakiti ifungwe ndani ya dakika 10 au 15. Bati lililopigwa brashi jioni likabandikwa asubuhi halina tofauti na ambalo halikupigwa.

Tanuri

Baada ya rola, bati linarudi kwenye moto kwa nyuzi 350 hadi 400, nusu saa hadi saa moja, ikihesabiwa tangu bati lenyewe lifike joto hilo, si tangu mlango ufungwe. Weka waya wa kupimia joto katikati ya rundo. Rundo nene huchelewa sana. Moto huo unafanya mambo mawili: unalainisha alumini, na unaziba mapengo madogo yaliyobaki kwenye mshiko.

Kishawishi cha kupandisha joto ili mshiko uwe bora zaidi ni kikubwa, na kwa kiasi fulani kinalipa. Kisha ghafla hakilipi. Kuanzia kama nyuzi 500, na hasa ukipita 550, chuma na alumini huanza kuota ganda la muungano, zaidi Fe2Al5 na FeAl3, ambalo ni gumu na kavu kama sahani ya udongo. Likiwa chini ya mikroni moja au mbili halina madhara. Likifika mikroni 5 hadi 10 linapasuka bati likipinda, na mpasuko huo ndio mlango wa 430 kuachana na alumini. Ndilo linaloacha yale madoa ya kijivu-giza. Silikoni kwenye alumini hupunguza kasi ya ganda hilo, sababu mojawapo ya alumini ya moto ya kuchovyea chuma kuwekewa silikoni, lakini nayo inapunguza usambazaji wa joto, na kwa sufuria sioni faida. Tanuri linaloaminika ni tiba rahisi zaidi.

Likipoa, bati litapinda. 304 husinyaa karibu sehemu 17 kwa milioni kwa kila nyuzi, 430 kama 10 tu, kwa hiyo bati linakunjamana kuelekea upande wa 304. Usilipitishe mara tatu kwenye mashine ya kunyoosha ili lipendeze. Kila mpito unakipinda chuma kwenda na kurudi na kuongeza ukakamavu uleule uliohangaika kuuondoa. Duara lenye mpindo mdogo ringi ya presi italilaza yenyewe.

Presi sasa

Bati likiwa zima ndipo inapokuwa na maana kugusa presi. Pua ya panchi ipanuliwe kutoka milimita 6 hadi 12. Ngozi ya nje inanyooka asilimia 9.4 badala ya 17, na hilo peke yake linaondoa karibu nusu ya mnyooko wa kupinda wa 430 pale kitako. Wabunifu hupenda kona kali. Waambiwe kona ya 12 ni rahisi kusugua pia. Mdomo wa dai uwe na nusukipenyo cha milimita 15 hadi 20, na nafasi kati ya panchi na dai milimita 2.8 kila upande. Nafasi ya 2.5 kamili inalikamua bati, na alumini, ikiwa ndiyo laini, inasukumwa juu na kuvunja mshiko.

Sufuria ya kipenyo cha 20 na kina cha 12 inatoka kwenye duara la bati la sentimita 36.9, ongeza ukingo wa kukata, 38. Uwiano na panchi ni 1.9. Bati zuri huishia karibu na 2, kwa hiyo hapa hakuna akiba ya kuchezea. Kila nusu sentimita unayoweza kupunguza kwenye ukingo ni faida. Ringi ianze na megapaskali 1.5 juu ya eneo inalobana, ambayo kwa duara hili ni kama tani 10, uipandishe kidogo kidogo mpaka mikunjo ipotee, uishie hapo.

Oili ipakwe upande wa 430 peke yake, ule unaoteleza juu ya dai, pamoja na karatasi ya plastiki ya kulinda uso. Upande wa panchi uwe mkavu. Watu hupaka pande zote kwa nia njema, lakini msuguano kati ya panchi na 304 ndio unaosaidia kushika kitako kisinyooke; ukiupaka oili umeondoa mkono uliokuwa umekishikilia.

Kwa ununuzi wa koili zijazo, 430 ya kawaida ibadilishwe na aina iliyotiwa titani au niobi, kama 439. Bado inashikwa na sumaku, inarefuka zaidi, na haiachi ile mistari ya kamba kamba ukutani inayowachosha wang'arishaji.

Ili ujue kama yote haya yamefanya kazi, usingoje kuhesabu sufuria zilizopasuka. Chora vijiduara vya milimita 5 kwenye uso wa 430 wa mabati matano, kwa stensili na umeme wa kuchora, na uyavute. Kwenye pua ya panchi vijiduara vitageuka mayai. Pima urefu wa yai lililonyooka zaidi, linganisha na la bati la zamani. Kisha chuna sampuli kutoka kwenye ukuta wa sufuria iliyokwisha kuvutwa, si kutoka kwenye bati jipya, maana mshiko uliopita mtihani ukiwa bapa unaweza kuwa umevunjika ukizunguka dai.

Ukingo unaonyanyuka

Bati lililoshika vizuri bado linaweza kuachana kwenye kisu cha kukata. Kisu butu, au nafasi pana kati ya visu, havikati tabaka la mwisho. Vinalivuta mpaka likatike, na mvuto huo unaelekea upande ule ule wa kuchuna. Nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.25 inatosha kwa unene huu. Panga mwelekeo ili tabaka la mwisho kukatwa liwe 304, ambayo inavumilia, badala ya 430. Ukingo ukitoka na miba mirefu kuliko robo milimita, kisu kinolewe siku hiyo hiyo.

Na ule ufa wima ulioahirishwa hapo juu, wa juu ya ukuta, unaotokea saa kadhaa au siku mbili baada ya sufuria kutoka presi ikiwa nzima: huo mara nyingi ni wa muuzaji aliyeleta stenlesi ya jamii ya 200, kama 201, badala ya 304. Ina nikeli kidogo na manganizi nyingi. Ikivutwa sana sehemu yake inageuka martensiti, na mkazo uliobaki ukutani unaipasua baadaye ikiwa imekaa rafuni. Sumaku haitakupa jibu, kwa sababu hata 304 iliyovutwa inaivuta kidogo. Tone la dawa ya kupimia manganizi, au mashine ya kusoma metali kwa eksirei, vitakujibu kwa dakika moja, kabla koili haijafunguliwa.